Mwaka wa Chupa Nyeusi

Habari za kifo cha Mheshimiwa Bomba zilinifikia nikiwa jikoni nakata sukuma wiki. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake picha ya karatasi ya mazishi: mzee mwenye tai na kofia, mashavu yamejaa, na chini yake maneno, "Mzee aliyetuletea maji." Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Mjukuu akauliza kama nilimfahamu. Nikamwambia nilimfahamu sana, na kwamba Jumamosi nitaenda kumzika, nihakikishe kwa macho yangu kuwa udongo umemfunika vizuri. Akafikiri natania. Watu husema marehemu hasemwi vibaya, na kanisani nimefundishwa kusamehe saba mara sabini, lakini kuna mtu mmoja ambaye kila nikimfikia hesabu hunipotea. Nimekuwa mke, mama, nyanya na mzee wa kanisa hapa Kiptere, na katika miaka yote hiyo sikuacha kumchukia hata siku moja. Sioni haya kusema.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunipeleka popote, na nikaja Kaptilol kujifunza ushonaji kwenye veranda ya fundi mmoja. Kaptilol ni kamji kadogo kwenye mteremko, mashamba ya majani chai yamekazunguka pande zote, na nyakati zile kalikuwa na barabara moja ya lami iliyokwisha kumeguka kingo. Nilikodi chumba nyuma ya posho mill pamoja na msichana aliyeitwa Akinyi. Kuta zilikuwa za mabanzi, tumezibandika kurasa za magazeti ili upepo usipenye, na kinu kilipowashwa asubuhi vikombe vyetu vilitetemeka kwenye rafu na unga ukashuka juu ya blanketi. Kitanda kilikuwa changu, godoro la chini lilikuwa lake. Akinyi alizaliwa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai chini ya mji. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, baba alikuwa mchochea moto wa boila, na yeye mwenyewe alichambua majani kiwandani. Jioni alirudi na vumbi la chai kwenye nywele, akasimama mlangoni nimpanguse na leso kabla hajaingia, kwa sababu alisema nikimwacha aingie hivyo tutakunywa chai bila kununua.

Tulikula alichokuwa nacho yeyote kati yetu. Akipata mshahara tulikula omena, dagaa wa ziwani, nami nikilalamika kuwa zinaniangalia. Nikitoka nyumbani nilileta mboga za isagek na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, naye akalalamika zaidi. Hakuweza kuelewa ni watu wa aina gani hutia makaa kwenye maziwa kisha wakayaita kinywaji cha wageni. Nilimweleza jinsi mama anavyochukua kijiti cha senetwet, akakichoma, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka ukuta wote ukawa mweusi. Kwetu kibuyu cheupe ndani ni cha mwanamke mvivu. Cheusi ndicho safi. Maziwa humo hayaharibiki, na tumbo la mgeni haliumi. Akinyi alichungulia ndani ya kibuyu kwa jicho moja na kusema kwamba, kwa hiyo, masufuria yake yasiyosuguliwa nayo ni safi. Tulicheka. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo la weusi, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mji ulikuwa na maji ya aina mbili. Kulikuwa na chemchemi kule chini kwenye laini, ambayo wafanyakazi wa zamani waliijengea mawe na kuitia bomba la chuma, na mtu yeyote aliteka bure. Halafu kulikuwa na maji ya mfereji, yaliyokuja siku yalipotaka, na yalipokatika mabomba yalinguruma matupu siku nzima. Maji ya mfereji yaliuzwa kwenye kioski cha diwani wetu. Jina lake halisi nawaachia watoto wake. Sisi tulimwita Mheshimiwa Bomba, kwa sababu alifanya kampeni akiwa ameshika kipande cha bomba mkononi, akikiinua kila aliposema neno maendeleo. Alikuwa amejenga lojing ya ghorofa upande wa juu wa mji, ya kwanza Kaptilol kuwa na vyoo vya kuvuta maji, na bomba la mji mzima lilipita chini ya ukuta wake wa nyuma. Wakati ule hakuna aliyejiuliza maji ya vyoo hivyo yalikuwa yakienda wapi.

Masika yalipoanza watu wakaanza kuugua taifodi. Sista Philomena, muuguzi wa zahanati ya kanisa, alichoka kuuliza maji yatapimwa lini. Alisema mtaalamu wa kupima maji hufika huku kwa nadra kama harusi ya padri, basi tutapima wenyewe. Akakusanya akina mama katika ukumbi wa kanisa: wa mashambani, ambao kiongozi wao alikuwa Kogo Tabutany, bibi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na wa laini, wakiongozwa na mama yake Akinyi. Wakati ule maneno ya "watu wa hapa" na "watu wa kule" yalikuwa hayajapoa, na nadhani Sista aliwaketisha wamechanganyika makusudi. Kila mmoja alipewa chupa ndogo ya dawa, na ndani yake ukanda wa karatasi ulioloweshwa dawa na kukaushwa. Unajaza maji mpaka alama, unafunga kwa nguvu, hufungui tena, halafu unaiweka mahali pa joto kwa siku mbili hivi. Kwa baridi ya huku, mahali pa joto ni mwilini. Akina mama waliambiwa wazifunge tumboni kwa leso, wachume nazo majani, walale nazo. Mama Akinyi alisema sasa ndipo ameelewa kikulacho ki nguoni mwako, na ukumbi wote ukacheka.

Sista alikuwa hajamaliza kueleza pikapu ilipofika kumchukua. Kulikuwa na mama aliyezidiwa na uchungu wa kuzaa njia ya Soin. Alivaa koti lake la mvua huku akisema chupa nyingine zitageuka nyeusi na nyingine zitabaki zilivyo. Zile nyeusi tuziweke kando mpaka arudi. Kisha akaondoka, na mvua ikakata daraja nyuma yake, akakaa huko zaidi ya wiki.

Siku ya kukusanya chupa ilipofika, akina mama hawakumngoja. Walikuwa wamezibeba kwa miili yao, wakataka kuona walichozaa. Zile za chemchemi ya laini zilibaki na maji meupe. Zile za kioski na za mifereji ya mjini ziligeuka nyeusi ti, zikang'aa. Kogo Tabutany alizipokea zile nyeusi kwa mikono miwili. Kwetu kibuyu kilichokubali makaa vizuri huwekwa kando kwa ajili ya wageni, na ndivyo alivyofanya: akatandika kitambaa kilichofumwa maua juu ya meza, akazipanga hapo mstari mmoja. Zile za laini akaziacha sakafuni, akiwaonea huruma wenzake kwamba maji yao yamekataa kukubali dawa. Ni Akinyi peke yake aliyekunja uso. Alisema kwao maji yakigeuka meusi hayawekewi kitambaa, yanamwagwa. Kogo akamwambia kwa upole kuwa yeye ni mtoto wa omena, mambo ya mursik ayaachie wenyewe. Akinyi akacheka pamoja na wengine, akaliacha hapo.

Mheshimiwa alikuwa anapita, au aliitwa, sijui. Aliingia ukumbini na mwavuli wake, akaelezwa kwa furaha kwamba maji ya kioski yamepita. Jumapili hiyo, baada ya ibada, alitangaza sokoni kuwa wananchi wenyewe wamepima na kuona. Jumatatu chemchemi ya laini ilikuwa imefungwa kwa mlango wa chuma na kufuli, na askari wa mji ameketi juu ya jiwe. Eti ni kwa usalama wa afya ya umma.

Sista aliporudi na kuona kile kitambaa cha maua, aliketi. Alifungua chupa moja nyeusi, na harufu ya yai viza ikajaa ukumbi. Akatueleza kuwa weusi ule ni wa vijidudu vinavyotoka kwenye choo. Kogo Tabutany alijifunika uso kwa leso na hakuufunua mpaka watu walipotoka. Lakini sikumlaumu yeye wala akina mama, na silaumu leo. Lilikuwa kosa safi, kosa la watu wanaojua kutunza maziwa, na lingerekebishwa siku ileile kama mji ungekuwa na diwani mwingine.

Tulimwendea Mheshimiwa ofisini: Sista, Akinyi na mimi. Ilikuwa chumba cha mabanzi kando ya kioski, na sofa yenye vitambaa, na picha ukutani. Alitupa soda. Alimsikiliza Sista mpaka mwisho, akaandika, akatikisa kichwa kwa majonzi, akasema chemchemi itafunguliwa kesho asubuhi na bomba litakaguliwa. Tulitoka tukiwa tumeridhika, na Akinyi akasema kumbe huyu mzee ana masikio. Tulipofika kwenye posho mill nikakumbuka nimeacha mwavuli wangu kwenye benchi la nje, nikarudi peke yangu. Kabla sijauchukua nikamsikia ndani akizungumza na fundi wake wa mabomba. Mabanzi hayazuii sauti.

"Mimi si mjinga," alisema. "Nimeelewa ile kitu Sista anasema. Hiyo nyeusi ni choo, na hata najua ni choo gani. Lakini watu wameshasikia maji yangu ilipita mtihani. Wacha ikae hivyo. Mvua ikiisha tutaangalia."

Fundi aliuliza kuhusu chemchemi.

"Hiyo iko na kufuli," alisema Mheshimiwa. "Kufuli ikae."

Nilisimama pale na mwavuli mkononi, mvua ikininyeshea. Nimesikia mambo mengi maishani, matusi, vilio, hata mume wangu akikata roho, lakini hakuna sauti niliyoishika kama ile. Haikuwa sauti ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeamua kula mahindi leo na maharagwe kesho.

Nilimwambia Sista. Akapanda ngazi zote alizozijua, ofisi hii na ile, na kila mahali aliulizwa hao akina mama wa leso walisomea wapi. Chemchemi haikufunguliwa. Mimi na Akinyi tukaanza kununua maji ya kioski kama mji mzima. Tulichemsha ya chai, lakini ya kunywa mara nyingine tuliyachemsha na mara nyingine mafuta ya taa yaliisha. Mtu aliyetoka kazini na kiu hangoji. Wagonjwa walipozidi, Mheshimiwa aliitisha baraza na kusema ugonjwa unatoka laini, kwamba watu wa ziwa hawajui kutumia choo, na wakishindwa kukaa kwa usafi warudi kwao. Alisema hivyo akijua. Baba yake Akinyi aliacha kwenda sokoni. Akinyi aliambiwa kwenye foleni ya kioski asimame mbali na bomba, asilitie uchafu, naye akasimama mbali, akangoja zamu yake, akalipa, akabeba maji yale yale nyumbani tukanywa.

Alianza kwa kuumwa kichwa. Tulidhani malaria. Nilimpikia uji, akaukataa. Nikamchemshia omena, nazo akazikataa, ndipo nikaogopa. Nilimhamishia kwenye kitanda changu, nikalala kwenye godoro lake, na kinu kilipowashwa alishika masikio kwa mikono miwili. Jioni moja, joto limempanda, aliangalia kibuyu changu kilichoning'inia ukutani akatabasamu.

"Chelangat," alisema, "si nilisema kwetu tunamwaga?"

Tulimpeleka hospitali Kapkatet nyuma ya pikapu ya majani chai, amelazwa juu ya magunia. Madaktari walijitahidi, lakini utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walimpeleka kuzikwa kwao ziwani. Mama yake aliniachia lile godoro, akasema hataki kulirudisha laini. Sikumpa mtu, sikuliuza. Nilikunywa maji yaleyale kutoka jerikeni moja naye, na hata tumbo halikunisokota, na mpaka leo sijaelezwa kwa nini. Watu waliniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru, kisha nikamwomba anipe Mheshimiwa Bomba.

Sista alitaka ukweli ujulikane. Mimi nilitaka mtu, na nasema wazi kuwa hayo ni mambo mawili tofauti, ila kwa muda yalitembea njia moja. Alileta chupa nyingine, na safari hii akina mama hawakuwa na mzaha. Kogo Tabutany aligawa mwenyewe. Walichota kwenye kila mfereji kuanzia juu ya lojing mpaka chini mjini, wakifuata bomba linavyoteremka. Walizifunga tumboni, wa shambani na wa laini, wakachuma majani nazo kwenye mvua, wakainama nazo, wakanyonyesha nazo. Zilipokusanywa, za juu ya lojing zilikuwa nyeupe tupu. Kuanzia mfereji wa kwanza chini ya lojing zilikuwa nyeusi, zote, mpaka kioski, mpaka mwisho wa mji. Mtoto angeweza kusoma. Sista alitueleza kwamba shimo la vyoo vya lojing lilikuwa limechimbwa kando ya bomba, na kila maji yalipokatika bomba lenye ufa lilinyonya yaliyolizunguka. Alizipeleka chupa kwenye ofisi za serikali ndani ya kreti ya soda. Zilirudi na kreti yake, na ujumbe kwamba tulete mtaalamu.

Wiki hiyohiyo Chebet, bintiye Mheshimiwa, alikuja kwenye veranda ya fundi kunialika. Tulisoma darasa moja. Alikuwa msichana mpole, mrefu, anayeongea akiangalia vidole vyake. Alikuwa anaposwa na kijana kutoka familia kubwa upande wa Bomet, wazee walikuwa wanakuja kwa koito, kikao cha mahari, na aliomba nimsaidie kumimina chai. Kwetu koito si kuzungumzia ng'ombe tu. Wazee wakishapatana, hakuna anayetoka bila kunywa. Kunywa ndiko kukubali. Kikombe kilichobaki kimejaa ni neno ambalo haliwezi kurudishwa. Nilimtazama Chebet, nikamwambia nitakuja kwa furaha. Sikudanganya.

Nilimwendea Kogo Tabutany tu. Sista angenikataza. Kogo alikuwa anasugua kibuyu mbele ya nyumba yake. Nilimweleza ninachotaka kufanya, naye akasugua mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa moja ambayo haijatumika.

"Nilibakisha hii," alisema. "Nilijua utakuja kuiomba."

Tangu Alhamisi nilikuwa kwa Mheshimiwa nikiosha vikombe na kuchambua mchele. Nilichota kwenye mfereji wa ua wake, uliokuwa nao chini ya lojing, palepale alipochota mkewe maji ya chai, nikaifunga chupa tumboni chini ya sketi. Nililala nayo kwenye godoro la Akinyi. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilikuwa na joto, na nilifurahi kuwa na joto, kwa sababu chupa ililihitaji.

Jumamosi wageni walifika wamevaa makoti mazito, wazee mbele na shangazi nyuma. Sebule ilinukia nta ya sakafu na nyama ya kukaanga. Tulikaa jikoni tukisikia sauti za wazee zikipanda na kushuka nyuma ya pazia, mpaka tukasikia kicheko kirefu, na mama yake Chebet akafunga mikono kifuani akashukuru, "kongoi, kongoi." Walikuwa wamepatana. Mursik ilitangulia, chai ikafuata, na mimi nikapita na birika. Nilimimina vikombe vyote, kuanzia mzee mkuu wa upande wa kijana mpaka shangazi wa mwisho. Chai ilikuwa imechemka sawasawa, isingemdhuru mtu, na mursik haikuwa na tone la maji. Nilijua hilo vizuri. Sikuwa nawaokoa wageni.

Mzee mkuu alipoinua kikombe, niliweka ile chupa mbele yake, kando ya kibuyu, nikaifungua. Msichana hazungumzi kwenye koito bila kuulizwa. Nilizungumza, kwa Kipsigis, kwa sauti ya kawaida. Nilisema haya ni maji ya nyumba hii, yamechotwa kwenye mfereji wa ua huu. Weusi huu si wa senetwet. Ni wa choo cha lojing. Mwenye nyumba anajua, nimemsikia kwa masikio yangu, na alifunga chemchemi safi ili watu wanunue haya, na rafiki yangu amekufa. Kama nasema uongo, mwulizeni.

Harufu ilikuwa imeshafika kila kona. Mzee mkuu hakunitazama. Alimgeukia Mheshimiwa, akamwuliza taratibu, kama mtu anavyouliza habari za mifugo, iwapo ni kweli anajua. Kusema hajui mbele ya wakwe wazee ni kiapo, na hata Mheshimiwa, mtu aliyekuwa na maneno kwa kila baraza, aliogopa kuapa. Alisema, "Hizo ni siasa." Alisema kwa Kiswahili, na katika chumba kile lugha hiyo ilisikika kama mtu aliyekimbia nje. Mzee mkuu aliweka kikombe mezani. Shangazi wa kwanza akaweka chake, wa pili akaweka, vikasikika kimoja kimoja mpaka mlangoni. Wakasimama, wakavaa kofia, wakatoka bila kuaga, na vikombe vyote vimejaa.

Nilitazama uso wa Mheshimiwa muda wote. Nilitaka kuuona na niliuona. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Chebet alikuwa amesimama nyuma ya pazia, ameshika sahani ya maandazi. Tulitazamana, nikaweka birika chini, nikapita kando yake, nikatoka.

Yaliyosalia yalienda yenyewe. Habari za koito iliyovunjika zilimaliza Kaptilol kabla ya jua kuzama, na mtu asiyejali chupa alijali vikombe. Akina mama waliteremka laini, askari akawapa ufunguo bila kuombwa mara mbili. Shimo la lojing lilifukuliwa hadharani na bomba likahamishwa. Uchaguzi uliofuata Mheshimiwa aliinua kipande chake cha bomba sokoni, na mtu mmoja akamwuliza kina rangi gani ndani. Hakuchaguliwa tena. Lakini aliishi. Alizeeka, akanenepa mashavu, akapewa kiti cha mbele kwenye harusi za watu, na miaka ikawasahaulisha wengi mpaka wakamwandika alivyoandikwa. Akinyi hakupata hata mvi moja.

Basi Jumamosi nilienda. Hema lilijaa, kila mtu na karatasi yake. Chebet ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Amekuwa mwanamke wa makamo sasa, amekonda, bado anaangalia vidole. Yule kijana wa Bomet hakurudi. Aliolewa baadaye sana, na kwa mbali. Sikuwahi kumwuliza kama alikuwa na furaha, na sikuwahi kumwomba radhi. Alisoma kuzaliwa, shule, watoto, lojing. Alipofika palipoandikwa kuhusu maji, aliinua macho akanipata katika safu ya nyuma. Watu wakafuata kwa vidole kwenye karatasi zao, wakingoja. Akaruka mstari ule, akasoma unaofuata.

Udongo ulimfunika vizuri, nilihakikisha. Watu walipoanza kutawanyika kwenye chakula, nilimwona Chebet akija kati ya viti, amebeba kikombe kimoja kwa mikono miwili. Hakupitia kwa wageni wa mbele.

"Chelangat, nilijua utakuja," alisema. "Hii chai nimepika mimi mwenyewe, sijapatia mtu. Maji nimetoa kule chini, kwa chemchemi ya laini. Nimeenda asubuhi na mtungi yangu."

Nilikipokea. Kilikuwa cha moto, kimejaa mpaka ukingo, na kilinukia moshi wa kuni na majani ya kwetu. Nilikiinua mpaka mvuke ukanigusa midomo. Alikuwa amesimama mbele yangu na mikono yake mitupu, akingoja, na nilijua anachongoja, na nilijua kuwa hakuwa na kosa lolote, si siku ile ya pazia wala leo. Nikakirudisha mezani taratibu, kisimwagike. Akinyi angekunywa. Angekunywa, akaomba kingine, akamtania kuhusu makaa. Lakini Akinyi hayupo, na hiyo ndiyo sababu sikunywa.